Wanaomtafuta Dobi Nyoosha

Baba alitoka nyumbani kavaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine, hakurudi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfuta kichwani hadi jina la kwenye kitambulisho. Ukimuuliza yeye ni nani, anakujibu kwa madaha, "Dobi Nyoosha," jina alilopewa na wateja enzi za pasi ya makaa.

Kazi yangu ni kuweka matangazo ya kulipia mtandaoni. Mtu akiandika "viatu vya harusi" kwenye simu, duka la mteja wangu linatokea juu. Basi nikawaza: atakayemwokota Baba atamuuliza jina, ataliandika mtandaoni, na tangazo langu litamwonyesha picha yake na namba yetu. Nililiweka papo hapo. Mfumo ukajibu: Utafutaji mdogo. Tangazo halitaonyeshwa.

Niliitukana ile kompyuta matusi ambayo Mama hajawahi kuyasikia kinywani mwangu.

"Kuna nini tena?" dada akauliza.

"Neno lisilotafutwa na watu, mfumo unalilaza. Mpaka litafutwe ndio liamke."

"Yaani baba yetu hana soko?"

Tulicheka, kicheko kikageuka kilio. Nikajaribu "mzee aliyepotea". Simu zikamiminika, zote za watu waliopotelewa na wazee wao, wakidhani sisi ndio tumewapata. Mmoja alinisihi nimwangalie vizuri huyo mzee, huenda ni wake. Niliondoa tangazo hilo, roho inaniuma.

Kesho yake mchana nikafungua ukurasa, moyo ukanilipuka. Dobi Nyoosha limeamka! Limetafutwa, tena mara nyingi.

"Mama! Kuna mtu yuko na Baba! Ameandika jina lake!"

Mama akainuka mbio kwenda chumbani kumtafutia Baba shati safi. Dada akabaki kasimama mlangoni, simu mkononi, kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Ni sisi," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi, shangazi, watoto, na binamu wote. Tumekuwa tukiliandika tangu asubuhi ili liamke. Nilidhani nakusaidia."

Nilitaka kumfokea, nikaishia kuifunga kompyuta. Nilimkosea nini Mungu hata nimpe mama yangu furaha ile?

Chumbani zipu ya mkoba ilisikika ikifungwa.

"Mwambieni huyo mtu asimwache aondoke," Mama akapaza sauti. "Mwambieni nakuja."