Bangili ya Mwali

Mwanamkuu alikuwa kungwi mwenye jina kubwa kijiji kizima cha Mahege, na jina hilo lilitokana na unene wa mabinti aliowafunda. Mwali akiingia ndani, humvika bangili ya shaba. Siku ya kutolewa, bangili isiyobana mkono ni aibu ya kungwi, wala si ya mwali.

Sasa Warda, binti wa Sihaba, alikuwa wiki ya nne ndani, na bangili yake inateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Muongeze uji," aliagiza Mwanamkuu. Sihaba akaongeza uji, akaongeza na sukari. Binti akala, akanywa maji mtungi mzima, akazidi kukonda. Majirani hawakukosa la kusema: kuna jicho, kuna mkono wa mtu. Mwanamkuu naye, tusimfichie, kilichomuuma kwanza ni jina lake.

Asubuhi moja aliwakuta sisimizi wamejaa uani, pale Warda anapokwenda haja ndogo. Akasimama akiwatazama. Sisimizi hawafuati uchawi, wanafuata sukari. Alipoingia ndani akamkuta binti ametapika, anahema kwa nguvu, hajui hata ni siku gani. Akamwita Sihaba wampeleke hospitali.

"Mwali haonwi kabla ya ngoma," Sihaba alisema huku akilia. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nimefundisha mimi, navunja mimi. Lete shuka."

Wakamfunika gubigubi, wakampakia kwenye bajaji hadi hospitali, Kibiti. Daktari akapima tone la damu ya kidole, akaagiza dripu na sindano mara moja.

Siku ya pili Warda akanyanyua kichwa, akamwita mama yake. Ndipo daktari alipowaeleza.

"Kongosho hutengeneza homoni iitwayo insulini. Hiyo ndiyo inayoipokea sukari ya kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kwa huyu haipo. Sukari inapiga hodi, hakuna wa kuikaribisha. Mwili ukishikwa na njaa, unajila wenyewe."

"Na ule uji wangu?" aliuliza Mwanamkuu.

"Uliishia mlangoni, mama. Lakini akichoma sindano ya insulini kila siku, maisha yake yote, atasoma, ataolewa, atazaa kama wenzake."

Mwanamkuu aliona aibu, kisha furaha ikaizidi aibu. Akaomba afundishwe yeye kwanza kuchoma, kwani mwali wake hafundwi na mtu mwingine.

Ngoma ilipigwa miezi miwili baadaye. Warda akatolewa, mwembamba, ngozi inang'aa. Jirani mmoja akanong'ona kwa makusudi asikike, "Safari hii kungwi katutolea mwali mkavu."

Mwanamkuu hakugeuka. Alikuwa akimtazama Warda, ambaye amejitenga pembeni, anajichoma sindano mwenyewe tumboni bila kukunja uso. Kisha binti akanawa, akasogea kwenye sinia la pilau. Bangili ilikuwa imetulia mkononi, haibani wala haitelezi.

"Mpisheni ale," Mwanamkuu alisema. "Siku hizi chakula kinamfika."