Harusi ya Majani Matupu

Kufikia saa moja ya asubuhi mtengenezaji maua alikuwa amekwisha kuhamisha ndoo zake mara tatu, kutoka kivuli kimoja hadi kingine kisichokuwa na tofauti yoyote na cha kwanza, na sasa alikuwa akiyanyunyizia maji majani ambayo tayari yalikuwa yakichuruzika. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mikono yake haikuwahi kujua kukaa bure, na asubuhi hiyo roho yake nayo ilikuwa juujuu.

Duka lake linatazamana na lango la hospitali. Kwa miaka kumi na minne ameishi kwa kutengeneza mashada ya mazishi, na ameyatengeneza vizuri kiasi kwamba mtaa mzima unamwita Mama Rambirambi, jina linalotamkwa kwa heshima zote na ambalo limemfukuzia kila bibi harusi aliyewahi kukaribia mlango wake. Mwenye kutafuta maua ya harusi hufika kizingitini, huona pete za waya zilizotundikwa ukutani, hukumbuka kwamba kuna kitu amekisahau nyumbani, na harudi.

Hayo angeweza kuyavumilia. Lisilovumilika lilimfika mwezi uliopita, pale mdogo wake wa tumbo moja, karani wa masjala, alipochumbiwa na kuanza kuulizia maua kwa watu wengine.

"Dada, si kwamba sitaki," mdogo wake alimwambia. "Mama mkwe ndiye aliyeuliza. Amesema, hivi huyo dada yako si ndiye yule wa..."

"Wa nini?"

"Dada, unajua wa nini."

Walipatana hivi. Mtengenezaji maua angeandaa harusi ya picha, yaani harusi iliyokamilika kwa kila kitu isipokuwa watu wanaooana, mapambo yake yote yakiwa majani matupu bila ua hata moja, kama wapendavyo maharusi wa siku hizi. Mdogo wake angevaa shela na kusimama mahali pa bibi harusi. Picha zikitoka zikafanana na harusi, zingepelekwa kwa mama mkwe na kazi ya kupamba ingekuwa ya dada. Zikitoka vinginevyo, angenyamaza na kuhudhuria kama mgeni.

"Tutaona picha kwanza," mdogo wake alisema, kwa sauti ileile anayowajibu nayo watu wanaotafuta mafaili yaliyopotea.

Mpiga picha, mwanamke mfupi mwenye kamera mbili shingoni, alikuwa amekwisha kuikataa bustani iliyochaguliwa mwanzo. "Majani yako ya kijani, nyasi za kijani, miti ya kijani," alisema. "Nikipiga hapo nitakupa shela linaloelea peke yake." Ndiyo maana walikuwa katika ua wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji kilichofungwa, mbele ya ukuta mweupe ambao hadi saa mbili na nusu ulikuwa kivulini. Baada ya hapo jua lingevuka paa, ukuta ungewaka kama bati, na kazi ingekuwa imekwisha, itake isitake.

Bwana harusi alikuwa kinyozi, jirani wa dukani, aliyeteuliwa kwa sababu alikuwa mrefu na alikuwa na suti. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja, jambo ambalo kwa kinyozi laweza kusomwa kwa namna mbili, na daima alikifunika kwa kofia. Tangu alipofika alikuwa hajafunga mdomo.

"Shemeji, nikikukanyaga shela usinidai talaka."

"Nani shemeji yako? Mimi hapa ni mke wako hadi saa mbili na nusu."

"Basi mke wangu, chai iko wapi?"

"Kwa mke wako wa kesho."

Mtengenezaji maua hakuwasikiliza. Alikuwa mbele ya pete ya chuma yenye kimo cha mtu, akimalizia kuivika matawi ya mikaratusi na majani ya makangaga yaliyokuwa yamelowekwa tangu jana. Alikata, akachomeka, akakaza waya, akasogea hatua, akakata. Alipomaliza aliizunguka, akaondoa jani moja, akalirudisha palepale. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alilijua hilo kama mtu ajuavyo uzito wa mzigo alioubeba mwenyewe.

"Tayari," alisema.

Mdogo wake akaenda kusimama ndani ya pete. Kinyozi akamfuata, na alipofika mbele ya majani akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Utani ukakatika. Mpiga picha akapiga, akasogea, akapiga tena. Hatua zake hazikutoa sauti.

Mtengenezaji maua alikwenda ukutani, akarudi, akaenda kwenye ndoo, akarudi. Hatimaye alimvamia mpiga picha begani.

"Zikoje?"

"Nzuri," mpiga picha alinong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni," mpiga picha alinong'ona.

Mtengenezaji maua akamgeukia kinyozi. "Na wewe, kofia umevua kwa nini?"

Kinyozi aliitazama kofia kana kwamba kuna mtu amemkabidhi aishike kidogo. "Sijui, dada. Nimejikuta tu."

"Mimi," mdogo wake alisema, akiwa ameinamisha kichwa, "nimejikuta natafuta kitabu cha rambirambi nitie sahihi."

Hakuna aliyecheka. Mtengenezaji maua aliitazama pete, na mara hii aliiona kama waionavyo wanaovuka barabara kutoka hospitalini. Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa na kanuni mbili: majani yote yalale upande mmoja, na mwanga usipite popote. Hakuna alipokosea. Alikuwa amesuka shada la mazishi lenye kimo cha mtu, lisilo na dosari, na kumsimamisha mdogo wake katikati yake.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Akachukua mkasi na kukata waya wa kwanza.

"Dada, unaharibu!" kinyozi alipiga kelele, na ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu mzima wa afya kusikika uani humo kwa robo saa.

"Ndiyo."

Kubomoa kulikuwa kwepesi. Kujenga upya ndiko kulikomshinda. Alichomeka matawi sita, na yote sita yakalala upande mmoja. Akayang'oa, akaanza tena akiangalia ukutani, na vidole vikaifuata njia yao ya miaka kumi na minne kana kwamba havikuambiwa kitu. Dakika zikaliwa. Ndipo alipofanya jambo ambalo wanaomjua hawakuwahi kumwona akilifanya: alifudikiza ndoo, akaketi juu yake, akaikalia mikono yake.

"Chomekeni nyinyi."

"Sisi? Mimi najua nywele tu, dada."

"Ndiyo maana."

Kinyozi akarudisha kofia kichwani na kuchomeka tawi la kwanza juu chini. Mtengenezaji maua akauma meno. Mdogo wake akamwambia kinyozi kwamba hana macho. Kinyozi akajibu kwamba mke anayefoka kabla ya chakula cha harusi hafai. Makangaga yakaonyesha migongo, mikaratusi ikaning'inia kama ilivyopenda, na nusu ya pete ikabaki chuma kitupu ambamo ukuta mweupe ulionekana. Mpiga picha hakusubiri wamalize. Aliwapiga wakigombana, shela likiwa limekusanywa kwapani, kisha wakicheka, mpaka jua likavuka paa na kuwafunga macho wote. Juu ya ndoo, mwenye kazi alikuwa ametokwa jasho kuliko waliofanya kazi.

Alasiri, akiwa dukani, alipigiwa simu.

"Mama mkwe ameziona," mdogo wake alisema. "Akauliza aliyepamba ni nani. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama huyo bwana harusi kweli hajaoa."

"We mtoto, acha mchezo. Akasemaje?"

"Amekubali. Kazi ni yako, dada. Ila kinyozi naye aje. Achomeke yeye."

Mtengenezaji maua alisema sawa. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakujua akiweke wapi. Aliteremsha pete za waya kutoka ukutani, zote, akazipanga chini ya meza. Akazitazama. Akazitundika tena. Mwanamume mmoja alivuka kutoka lango la hospitali, akasimama kizingitini, akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupata shada kabla ya kesho saa nne.

"Pole sana. Utalipata," alimjibu.

Akachukua pete na ndoo. Vidole vikaanza, tawi baada ya tawi, yote kwa upande mmoja, bila kumngoja, naye akavitazama kama mtu amtazamavyo mfanyakazi wake wa siku nyingi baada ya kuambiwa jambo asilolijua juu yake.