Baraka ya Kitanda cha Tisa

Dekio la wodi ya wanawake lilivunjika mpini miezi minne iliyopita, na watu wa stoo walisema fomu ya kuomba jingine iko mezani kwa bosi. Ni meza gani hiyo inayomeza fomu hivyo, hawakusema. Kwa hiyo Mama Deki, mfanya usafi, alideki kwa magoti, tambara mkononi, kitanda hadi kitanda. Jina hilo walimpa wauguzi. Mtoto hakuwa naye.

Kwenye kitanda cha tisa alilala bibi aliyefungwa bandeji macho yote mawili. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza jambo moja tu: kitinda mimba wake amefika? Alitaka kumbariki kabla hajaondoka, na kuondoka kwenyewe hakukuwa mbali. Muuguzi alishamwambia Mama Deki kwa jicho.

Kitinda mimba alikuwa amefika. Mama Deki alimwona dirishani, yule dada fundi cherehani anayeleta uji kila siku, amesimama nje ya geti na chupa yake mkononi. Wiki hiyo ilikuja amri mpya: mgonjwa mmoja, kadi moja ya kuingilia. Kaka yake mkubwa alipita alfajiri, akabarikiwa, akaenda zake kazini na kadi mfukoni. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kusahau ni kwa kila mtu, lakini huku jamani kulikuwa kusahau gani.

Mama Deki alipiga magoti kando ya kitanda cha tisa, akaingiza tambara uvunguni. Bibi alisikia magoti yakigusa sakafu.

"Umefika, mwanangu," alisema.

Katika kanisa lao, mtoto anayebarikiwa hupiga magoti na hafungui mdomo mpaka mzazi amalize. Kwa hiyo bibi hakungoja jibu. Mkono wake, mwepesi na wa moto, ulitua juu ya kilemba cha Mama Deki.

Angeweza kusema, "Siyo mimi, mama." Maneno matatu tu. Lakini baba yake mwenyewe alikufa akiwa amemnunia, kisa alihamia kwa mwanamume bila ndoa ya kanisani, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mzazi aliyemshika kichwa. Alibaki pale, maji machafu yakimchuruzika kiganjani, akisikiliza baraka za mtu mwingine zikimwingia.

"Uliniogesha, ukanilisha, hukunichoka," bibi alisema polepole. "Mungu akutunze kama ulivyonitunza. Usikose mtu wa kukushika mkono. Na kila mlango utakaofungwa mbele yako, yeye akufungulie."

"Amina," alisema Mama Deki. Lilimtoka tu.

Bibi alitabasamu, mkono ukateleza shukani. Muuguzi alipopita baada ya muda mfupi, alimfunika mpaka usoni.

Mama Deki alishuka ngazi mbio, tambara bado mkononi. Alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuionja, ya mtu aliyeiba madhabahuni. Getini, mlinzi alikuwa akirudia wimbo wake kwa fundi: "Kadi, dada. Bila kadi hupiti."

"Mama amekwenda," Mama Deki alisema kupitia nondo za geti. Akayamaliza yote palepale, maana angengoja asingeweza. "Alidhani mimi ni wewe. Akanibariki. Nikanyamaza."

Chupa ilimponyoka fundi, uji ukamwagikia viatu, wala hakuangalia chini.

"Ulisema amina?" aliuliza.

"Nilisema."

Alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto.

"Basi nipe. Yote, kama alivyosema. Usiongeze lako."

"Hapa si kanisani," mlinzi alisema. "Na kuona mwili kuna kadi yake. Dirisha la tatu, kesho asubuhi."

Mama Deki alipitisha mkono katikati ya nondo mpaka begani, akamshika fundi kichwa. Alirudia neno kwa neno: kuogeshwa, kulishwa, kutochokwa. Alipofika kwenye maneno ya mlango sauti ilikatika, ikabidi aanze upya. Kila mlango utakaofungwa mbele yako, yeye akufungulie.

Fundi aliinua uso, akamkazia mlinzi macho.

"Amina," alisema.

Mlinzi aliangalia kufuli, kisha akaangalia pembeni. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.