Hapakuwa na Kitufe cha Hapana

Hata mwizi wa mtaani kwetu ana adabu kuliko ule mfumo mpya wa kompyuta. Mwizi angalau hungoja utoke. Huu uliingia mimi nimekaa pale pale mbele yake, kibuyu changu cha chai ya yerba mkononi, ukaniambia umekuja kunirahisishia maisha. Tangu hapo ikawa ni maswali tu. Unaniruhusu nikumbuke unachoandika, ili nikusaidie? Chini yake vitufe viwili: Ndiyo, na Nikumbushe Baadaye. Nilikitafuta kitufe cha Hapana kila pembe ya kioo, haki ya Mungu hakikuwepo. Nikawa nabonyeza Baadaye kila asubuhi, na swali linarudi, hadi siku moja nikachoka nikabonyeza Ndiyo ili niachwe nifanye kazi yangu. Anayesema hajawahi kufanya hivyo na anirushie jiwe.

Kazi yangu ni maneno. Naitwa Zulma, na ndimi mtunzi wa murga yetu hapa mtaa wa La Teja, Montevideo. Sisi ni waimbaji tunaojipaka rangi usoni na kupanda jukwaani kila kanivali kuwasema wakubwa mpaka wajikune pasipowasha. Watu hucheka weee, kisha mwisho huja wimbo wa kuaga, na hapo hata polisi wa mlangoni hufuta machozi.

Kiongozi wetu ni Ademar. Nimegombana naye miaka thelathini juu ya kila neno, na sina rafiki mwingine kama yeye. Mwezi wa Novemba mkewe, Graciela, alikuja jikoni kwangu akakaa na mkoba bado uko begani.

"Majibu ya hospitali yametoka," alisema. "Ni kansa ya kongosho. Yeye nimemwambia ni vidonda vya tumbo."

"Mama Lourdes, unamdanganya mtu mzima?"

"Nitamwambia kanivali ikiisha. Akijua sasa atakufa kabla ya siku zake. Mwache apande jukwaani mara moja tena. Niapie, Zulma."

Nikaapa. Na kwa vile mimi kulia kwangu ni kuandika, nikaanza kumtungia Ademar wimbo wa kuaga wa mwaka huu. Jina lake niliandika kwenye rasimu tu, ningelifuta kabla waimbaji hawajauona. Rasimu yenyewe niliificha katika faili nililoliita Bili za Maji, maana sijaona binadamu anayefungua bili ya maji kwa kupenda.

Ikaja Januari, mazoezi yamepamba moto, na printa ikagoma. Printa ile imenichapia nyimbo miaka nenda miaka rudi bila kulalamika. Mfumo mpya ukasema hauitambui. Nikatafuta mahali pa kuitambulisha, pamehamishwa. Kila kitu walikihamisha! Ni kama umetoka kidogo, ukirudi unakuta mgeni amepanga upya jiko lako, chumvi hujui iko wapi, naye anangoja umshukuru. Nikapiga simu ya msaada, nikajibiwa na sauti ya mashine iliyoniuliza kama nimefurahia huduma. Niliyoijibu siwezi kuyaandika hapa.

"Dada, unajitesa bure," aliniambia Cacho, mpiga ngoma wetu. "Lete hiyo kompyuta klabuni tuichomeke kwenye televisheni ya mpira. Tutasoma wote kwa pamoja."

Jumapili mchana nikaibeba. Klabuni kundi zima lilikuwa limeshajipanga, na Graciela alikuwa pembeni anashona mavazi. Ademar alikuwa amekonda, lakini mdomo wake haukukonda.

"Kumbe mwaka huu sisi ni wasoma habari," alisema.

"Nyamaza, mzee. Lawama wapelekee walioivuruga printa yangu."

"Wewe ukikosa mtu wa kugombana naye, unagombana na printa."

Wakacheka. Cacho akachomeka waya. Inafaa mjue kwamba kwetu wimbo mpya hufundishwa hivi: Ademar husoma mstari kwa sauti kubwa, kundi linarudia. Basi televisheni ilipowaka tu, kabla sijagusa kitu, maandishi yakajaa kioo kizima, naye akayasoma kama anavyosoma siku zote, mkono hewani, akitoa mapigo.

"Karibu tena, Zulma. Tuendelee ulipoishia? Wimbo wa kumuaga Ademar, rafiki yako mwenye kansa ya kongosho, ambaye familia bado haijamwambia. Umebaki ubeti mmoja. Nikumalizie?"

Alisoma mpaka mwisho. Waimbaji wawili watatu walikwisha kuanza kurudia, wakakatikia njiani.

Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta kitufe cha kuzimia. Nacho walikuwa wamekihamisha. Nikang'oa waya, lakini wa nini tena? Ile laana ilikuwa imesoma wimbo wangu, ikasoma na barua pepe nilizoandikiana na Graciela, ikazijumlisha zote na kuzitandaza mbele ya watu kama nguo za ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hata kifo hakikungojwa.

"Graciela," alisema Ademar.

Graciela aliinamia kitambaa chake.

"Graciela, ni vidonda vya tumbo au si vidonda vya tumbo?"

"Nilitaka kanivali ipite, Baba Lourdes. Nilitaka tu uimbe kwa amani."

"Daktari amesema mpaka lini?"

"Baridi ikianza," alisema, na machozi yakamshinda.

Hapo nikaona giza. Niliinyanyua kompyuta juu ya kichwa nikiwatukana walioitengeneza, na mama zao, na waliowasomesha. Ni nani aliyewapa ruhusa ya kukaa jikoni kwangu na kusikiliza? Nilitaka niipasue sakafuni, kila kipande kisikike.

"Iweke chini, Zulma," alisema Ademar.

"Hii takataka imetusaliti!"

"Imewasaliti nyinyi. Mimi imeniambia."

Nikaiweka mezani.

"Ademar, mimi niliapishwa. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia. Miaka thelathini unaniambia kila upuuzi unaokujia kichwani, hili ndilo ukaamua kuniheshimu?" Hakuwa akipiga kelele, na bora angepiga. "Krismasi, pale mezani kwetu, Lourdes alipiga simu kutoka kwake Salto. Akaniomba niende nikamwone mjukuu wangu, amezaliwa sijamshika. Nikamwambia mwanangu, mwaka huu nina kanivali, nitakuja mwaka kesho. Nilisema hivyo au sikusema?"

"Ulisema," nilijibu.

"Wewe ulikuwa umekaa kulia kwangu. Huyu kushoto. Mkanisikia nikisema mwaka kesho, mkapitishiana mkate."

Cacho aliikumbatia ngoma yake, macho chini. Mimi hasira nilikuwa nazo bado, nyingi, na sikuwa na wa kumtupia.

Ademar alichukua funguo zake juu ya meza, akavaa kofia. Graciela aliinuka ili amfuate, uzi bado unaning'inia mkononi.

"Kaa," alimwambia. "Njia ya Salto naijua."