Moshi wa Pilipili

Kijijini kwao Makwasinyi, hata mgeni aliyekuja kunywa chai aliulizwa na Mable maswali mpaka chai ikapoa. Jioni hiyo alimgeukia mamake.

"Mwalimu Munyoki anasema kilo za gunia ni skala. Ukizitaja, umemaliza. Lakini velositi, yaani mwendo wa upepo, ni vekta, lazima useme pia unaenda wapi. Kwa nini, Mum?"

"Upepo ukiwa mkali nimeujua," Kathini alicheka. "Hayo mengine ni ya mtihani."

Mable hakuridhika, ila ndovu walikuwa wameshafika kwenye ua wa shamba lao. Mahindi yalibakiza siku chache yavunwe, na hicho ndicho chakula cha mwaka mzima. Kathini aliwasha tofali lake la mavi ya ndovu na pilipili la kuwafukuzia ndani ya mkebe, pale langoni anapowasha siku zote. Moshi ukapanda, ukageuka, ukawaingia wao wenyewe. Walikohoa hadi machozi. Ndovu wakaendelea kuegemea ua bila wasiwasi.

"Upepo ni mkali kama jana. Mbona hawaendi?" Kathini alilia.

Mable alichota vumbi akalirusha juu. Jana lingepeperuka kutoka langoni kwenda kwenye kona ya choo, likiwapitia ndovu. Leo lilipeperuka kinyume, kama linatoka kwenye kona ya choo, likawarudia wao langoni. Nguvu ni ile ile, njia ndiyo imegeuka! Moyo ulimdunda, kwa hofu na kwa raha ya kuelewa, hata hakujua ipi ilizidi. Alishika mkebe kwa waya wake, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kona ya choo. Moshi ukafuata ua wote. Ndovu walipiga chafya, wakatikisa vichwa, wakaondoka.

"Wameenda!" Kathini alipiga vigelegele. "Wameenda, mwanangu!"

"Wameenda wapi?"

Kathini aligeuka kutazama. Upande wa chini, kwa jirani yao Susan, mahindi yalikuwa yameanza kutikisika. Susan ni mjane, na wiki ijayo ndiyo walipanga kumsaidia kuvuna.

Kathini hakucheka tena. Alimpokonya Mable mkebe, akaanza kukimbia kuelekea kwa Susan.

"Mpigie Susan simu!" alisema bila kugeuka. "Usimwambie tu ndovu wamekuja. Mwambie wanatokea wapi, na upepo unaenda wapi!"