Upande wa Tangi

Taa ya njano kwenye dashibodi ilikuwa imewaka tangu juzi, na dereva, shemeji yake Mama Kipimo, alikuwa ameiziba kwa utepe mweusi wa fundi umeme.

"Hii ni nini?" Mama Kipimo aliuliza, akiubandua kwa ukucha.

"Ilikuwa inaniumiza macho, shemeji."

"Leo itakuumiza kazi. Lete funguo. Sogea huko."

Madereva wote wa yadi ile walimwita Mama Kipimo, hata waliomzidi umri, kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha halitoki lori getini likitema moshi kupita kiwango. Alikuwa na diploma ya magari, watoto watatu, na hakuwa na muda wa porojo. Dereva huyu alikuwa mdogo wa mumewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia debe kwa tajiri, na sasa lori alilopewa lilikuwa limeshaanguka kipimo mara mbili. Mchana huu lilikuwa linarudi kupimwa kwa mara ya mwisho. Tajiri alishasema mbele ya madereva wote: likianguka tena, aliyeshika funguo azirudishe na asionekane hapo tena.

Kwenye bomba la moshi la lori lile kulikuwa na chujio la kunasa masizi. Likijaa, injini hulipasha moto mpaka masizi yaungue, yabaki majivu. Kwenye malori ya safari ndefu, chujio hujichoma lenyewe njiani. Lori hili lilizunguka mjini tu, kutoka ghalani hadi kiwandani, foleni moja hadi nyingine, kwa hiyo ilibidi lichomwe likiwa limesimama: unabonyeza kitufe, injini inanguruma, unasubiri. Shemeji hakuwa anasubiri. Kila mara alikatisha katikati.

"Umekatisha mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Kompyuta imehesabu. Tukikatisha na hii, injini inagoma kuchoma tena, na chujio linashushwa. Kulishusha si kazi ya leo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ila tulisogeze kwanza. Tulitoe hapa ukutani."

"Mbele kuna gari liko juu ya jeki, nyuma kuna upenyo wa kupita mbuzi. Usinitafutie sababu."

Lori lilikuwa limeegeshwa kama yote ya pale, ubavu wa kulia umebana uzio wa mabati. Tangi la dizeli lilikuwa upande huo, na usiku wezi walikuja na mipira ya kunyonyea na madumu yao. Tangi likibanwa ukutani, walirudi na madumu matupu. Tajiri aliupenda sana mtindo huo. Bomba la moshi nalo lilitokea upande uleule.

Mama Kipimo akabonyeza kitufe. Injini ikapanda sauti, usukani ukaanza kutetemeka. Kwenye skrini vistari vya masizi vilikuwa vimejaa hadi juu. Baada ya muda kikapotea kimoja, halafu cha pili. Joto likapanda kutoka chini ya viti.

"Unaona?" akasema. "Kumbe si uchawi."

Shemeji alifungua mlango, akachungulia nyuma, akaufunga. Akafungua tena.

"Umekaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Tulia."

"Shemeji, sponji inashika moto haraka?"

"Sponji gani?"

"Ya fundi sofa. Iko nyuma ya bati."

Mama Kipimo akageuka kumtazama. Shemeji alikuwa anaongea huku akiangalia magoti yake.

"Siku ya kwanza nilipochoma hapa, rangi ya bati ilivimba ikachubuka. Na fundi sofa sasa amepanga marobota yake hapohapo, upande wa pili. Ndiyo maana nakatisha."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuja ofisini. Ukaniambia nikiwa na hadithi nikawasimulie watoto, wewe nikuletee lori safi."

Mama Kipimo alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba hakuinua kichwa.

Akampita shemeji, akaruka chini kwa mlango wa kushoto, akazunguka nyuma. Hakuhitaji kuligusa bati. Joto lilimpiga usoni hatua chache kabla. Rangi ya bluu ilikuwa inatoa mapovu kama uji unaochemka, na katikati ya mapovu bati lilishaanza kuwa kahawia. Kulikuwa na harufu, si ya dizeli wala ya masizi. Harufu tamu iliyokaba koo.

"Fundi," akaita kwa nguvu kupitia uzio. Upande wa pili nyundo ilikuwa inagonga na redio inaimba. "Fundi sofa."

"Nani huyo?"

"Toa sponji ukutani. Sasa hivi."

"Mama, nina mteja hapa."

"Toa mteja, kisha toa sponji. Bati linaungua."

Nyundo ikanyamaza. Kitu kikaburutwa. Halafu kikohozi, halafu sauti ya fundi, nyembamba kama si yake: "Inayeyuka hii. Inatoa moshi."

Mama Kipimo alitazama juu, kwenye dirisha la lori. Shemeji alishahamia kwenye usukani, mkono juu ya kitufe, anamsubiri yeye.

"Vimebaki vistari viwili," akasema. "Viwili tu, shemeji. Nikikata—"

"Kata. Tunarudi nyuma."

"Hatutapita."

"Utapita. Niangalie mimi, usiangalie vioo."

Mngurumo ukashuka. Alisimama nyuma ya lori ambako shemeji angeweza kumwona, mikono juu, akimvuta taratibu: njoo, njoo, kata kushoto, simama, njoo. Kioo cha pembeni kiligonga nguzo kikaning'inia, kisha kikaanguka. Hakuna aliyekitazama. Lilipofika wazi alimsimamisha kwa kiganja, akamgeukia mlinzi aliyekuwa anakimbia na ndoo.

"Maji kwenye bati. Usilimwagie bomba, litakupasukia."

Bati lilipiga kelele ya mvuke. Upande wa pili fundi sofa naye alikuwa anamwaga. Wakamwaga mpaka pakawa kimya. Kwenye skrini ya lori palikuwa na maandishi mekundu yaliyokataa kufutika.

Tajiri alifika wakati huo, akapita pembeni ya tope bila kumsalimia mtu.

"Nani amekatisha?"

Shemeji akafungua mdomo.

"Mimi," Mama Kipimo akasema.

"Kipimo ni mchana huu."

"Hakipo. Chujio linashushwa."

"Mimi nilisema nini kuhusu funguo?"

Akanyoosha mkono kwa shemeji, akazipokea, akaziweka kwenye kiganja cha tajiri. "Ulisema aliyezishika azirudishe. Nimezishika mimi tangu asubuhi. Hizo hapo."

Tajiri alizitazama. Kabla hajajibu, fundi sofa aliingia getini amekumbatia robota la sponji, upande mmoja mzima, upande wa pili mweusi, umeliwa na joto na bado unafuka. Akampakatisha tajiri, naye akalipokea kwa mikono miwili kabla hajajua amepokea nini.

"Ndani kuna marobota mengine kumi, na mke wangu na mashine yake," fundi akasema. "Nimekuonyesha tu."

Tajiri alisimama na mzigo wake. Majivu yalidondoka kwenye viatu.

"Likilala katikati ya yadi, mafuta yataibwa," akasema hatimaye.

"Weka taa, na mlinzi asiyelala," Mama Kipimo akajibu. Mlinzi akainamia ndoo yake.

"Litakuwa tayari lini?"

"Wiki hii."

Tajiri akamrudishia funguo. "Likianguka, mnaondoka wote wawili. Wewe wa kwanza."

"Sawa."

Tajiri alipoondoka, shemeji aliokota kioo kilichovunjika, akakishika tu. Mama Kipimo alichukua spana, akainama chini ya lori, akarudi. Bomba lilikuwa bado halishikiki. Akavuta tairi kuukuu, akaketi.

"Kaa. Mpaka lipoe," akasema. "Kipi kingine ulikuja kuniambia nikakufukuza?"

"Una muda, shemeji?"

"Anza."

Shemeji akakuna kidevu, akaketi mbali kidogo na spana. "Kuna ile breki ya nyuma," akasema.