Nusu ya Maneno ya Bibi

Mwalimu Jenoveva alikuwa na sauti ya kuvuka bonde, lakini mchana huo ilikuwa imeanza kumkauka. Alikuwa akiita "Shukrani! Shukraniii!" tangu watoto wenzake waliporudi kambini na mizigo ya kuni, naye hayumo. Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka nyikani, mweupe na mzito, na katika shamba la misonobari la Shume ilionekana miti ya mbele tu.

Shukrani alikuwa msichana wa miaka kumi kutoka Tanga mjini, aliyeletwa kwenye kambi ya likizo ajifunze kuwasha moto, kusoma nyayo na kutofautisha majani ya kula na ya kudhuru. Baridi ya milimani hakuijua. Alikuwa amevaa sweta la njano la kuazima na raba zisizofaa kwa utelezi. Ng'ambo ya shamba la misonobari kulikuwa na msitu wa asili, na msitu ulipokwisha, ardhi nayo ilikwisha: poromoko la mwamba linaloshuka moja kwa moja hadi nyikani. Jenoveva aliliogopa kuliko mtu yeyote pale kambini, maana alizaliwa kilima cha pili.

"Atakuwa ametulia mahali," alisema Benjamini, mwalimu mwenzake, kijana wa Bumbuli asiyeishiwa matumaini. "Si tumewafundisha? Ukipotea, kaa hapo hapo, kumbatia mti, puliza filimbi. Mimi napita njia ya juu nizungukie ukingoni. Wewe ingia na hii ya chini."

Akaondoka akiita. Simu huko hazishiki mtandao hata siku ya jua.

Jenoveva alimchukua Lightness, aliyekuwa akiokota kuni pamoja na Shukrani, amwonyeshe walipoachana. Mbele kidogo ya hapo waliikuta filimbi ya Shukrani. Ilikuwa imetundikwa kwenye tawi, kamba yake imefungwa vizuri kabisa. Haikudondoka, iliachwa.

"Sasa kwa nini aivue?" Jenoveva aliuliza.

Lightness alimtazama kwa woga. "Samahani, mwalimu. Si ulituambia tusiitike? Labda kupuliza nako ni kuitika."

Jenoveva aliifungua filimbi, akaitia mfukoni.

Jana yake jioni, wakiota moto, alikuwa amechoka nao. Watoto wa mjini wana makelele, jamani! Siku nzima walikuwa wakiitana majina msitu mzima, hata hakubaki mbega wa kuonyeshwa. Ndipo akawasimulia aliyoambiwa na bibi yake: kwamba humu msituni kuna kitu kinachoita watu kwa majina yao. Kinachukua sauti ya mtu unayempenda, na kikikukaribia kinachukua hata sura yake. Usiitike. Usikifuate. Watoto walinyamaza kimya, na Benjamini akamwonyesha dole gumba. "Leo umewaweza!"

Lakini bibi hakuishia hapo. Bibi alisema ndiyo maana mtu wetu akipotea hatumwiti jina. Tunagonga mti kwa mgongo wa panga, tunasikiliza, naye anagonga jiwe, kwa kuwa kitu kile hakina mikono na hakiwezi kugonga. Mtoto yeyote wa vilima vile aliyetishwa kwa hadithi hiyo alijua pia namna ya kupatikana. Jenoveva alikuwa amekua nalo jambo hilo, hata hakuona kwamba ni la kuelezwa. Watoto wa Tanga aliwapa nusu, ile ya kutisha, kwa sababu ilitosha kuwanyamazisha.

Kumbe mchana kutwa walikuwa wakimkimbiza. Kila walipoita, mtoto alizidi kwenda mbele.

"Usimwite tena," alimnong'oneza Lightness, akamshika mkono. Kugonga sasa kungesaidia nini, na mtoto mwenyewe hakufundishwa? Walikwenda kimya, Jenoveva akimwomba Mungu kwa Kishambaa, lugha aliyoombea utotoni.

Walimwona pale msitu unapobana na ardhi kuchongoka kuwa ulimi mwembamba juu ya poromoko. Sweta la njano, mgongo umewaelekea. Hatua chache mbele yake majani yaliishia kwenye weupe mtupu. Jenoveva alimkalisha Lightness chini ya mti, akasogea peke yake. Kijiti kikavunjika chini ya kiatu chake, na mtoto akageuka.

"Shukrani, mwanangu. Ni mimi, mwalimu."

Mtoto alirudi nyuma. Meno yalikuwa yakimgongana. "Wewe siyo mwalimu. Mwalimu alisema utakuja na sura yake."

Jenoveva alijichukia kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu mwingine. Hakuwa na neno hata moja ambalo mtoto yule angeliamini, na mwenye kosa ni yeye. Akafunga mdomo. Akapiga magoti, kisha akakaa kabisa kwenye majani yenye maji, akageuza uso pembeni asimtishe. Akasubiri. Muda mrefu hakuna aliyesogea. Halafu Shukrani akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka anayetaka nyumbani, akapiga hatua moja kuja kwake, na nyingine.

Benjamini alikuwa amezunguka njia ya juu, na hakuna aliyemwambia lolote. Alitokea upande ule ule wa msituni, kushoto kwao, ukungu umemficha. Sauti yake ilikuwa changamfu, sauti ya mwalimu ambaye watoto wote walimpenda.

"Shukraniii!"

Mtoto alishtuka. Alitazama sauti ilikotoka, akamtazama Jenoveva. Jenoveva alikurupuka, mikono mbele, akipiga kelele jina lile lile kabla hajaweza kujizuia. Shukrani akageuka, akakimbilia upande pekee ambao hakuna aliyekuwa akimwita.